Kifuniko cha Paa

Winnipeg, 12 Novemba 1961

Kaka Ketill,

Hujambo huko barafuni? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kuliko mimi, na hilo si jambo dogo. Mhariri wa gazeti ananiomba nipunguze ukali wa makala zangu. Naongeza.

Habari za wifi Asdis nimezipata kwa mchungaji wenu. Kwa nini kwa mchungaji? Kifua kimejaa maji, na lazima avushwe ziwa kila wiki yakatolewe hospitalini. Utamvusha na nini? Na sanduku la mbao la marehemu baba, hilo gari la theluji lenye minyororo kama kifaru cha vita na mbao za kuteleza mbele, wakati wenzako ya kwao wamekwisha kuyageuza mabanda ya kuku! Tena najua utaendesha kifuniko cha paa kikiwa wazi. Mapafu mabovu, baridi ya kukata masikio, na wewe unamfungulia mbingu. Nijibu, usinipe habari za samaki.

Mdogo wako,
Thorunn

Kisiwani, 26 Novemba 1961

Mdogo wangu mkali,

Hatujambo kwa kiasi chetu. Samaki wapo wengi, asante kwa kuuliza.

Sanduku la baba limembeba mkunga, limebeba posta, limembeba baba mwenyewe kwenda makaburini. Theluji ikifika madirishani, magari yenu ya mjini yanalala. Lenyewe ndiyo kwanza linaamka.

Kifuniko hakifungwi barafuni. Umekulia humu, unajua. Gari likizama, maji yanaibana milango ya ubavuni, hata fahali haifungui. Njia ni ya juu tu. Umesahau baba alivyokuwa akifoka? "Funga mdomo, usifunge kifuniko!"

Asdis namfunika ngozi za kondoo. Anakohoa, ndiyo. Lakini ananitukana njia nzima, kwamba naendesha kama bibi kizee, kwamba nanuka samaki. Nikimsikia hivyo najua yupo.

Kakako,
Ketill

Winnipeg, 4 Januari 1962

Kaka,

Salamu fupi, nina hasira.

Nimetoka kumwona Asdis hospitalini. Midomo imekuwa ya bluu! Daktari anasema anachotibu yeye wiki nzima, wewe unakiharibu kwa safari moja. Nilimuuliza wifi mbona hasemi. Akacheka: "Nimwambie Ketill? Ningeanza kuliambia ziwa."

Basi nakwambia mimi. Januari hii malori ya samaki yanapita juu ya barafu hiyo hiyo. Unajua unene wake, umeitoboa kwa mikono yako. Huogopi maji wewe, unamwogopa baba. Nimesoma vitabu vingi vya watu waliowaua walio hai ili kuwaheshimu wafu, na wote walijiita watu wa mila. Mimi nawaita waoga.

Kwenye kifurushi kuna vitambaa vizito vya sufu. Funga kifuniko, ziba kila ufa. Mlaze nyuma kabisa, kwenye joto la injini. Ukikataa, usiniandikie tena.

Thorunn

Kisiwani, 19 Januari 1962

Mdogo wangu,

Natumaini hasira imepoa. Huku ni baridi ya kupasua misumari.

Umeshinda. Nimefunga, nimeziba kote. Nimebakiza upenyo kwenye dirisha langu la mbele, la sivyo kioo kinaganda sioni njia. Asdis ameingia kujaribu, akasema sasa ni sebule, kilichobaki ni kahawa na mume mwingine.

Tunaondoka kesho asubuhi.

Ketill

Kisiwani, 2 Februari 1962

Thorunn,

Simu ya mchungaji uliipata, kwa hiyo unajua. Hujui ilivyokuwa.

Barafu haikutoa hata mlio. Nilikuwa nikiisikiliza yenyewe tu. Asdis alinitukana mpaka tukapita kisiwa kidogo, kisha akanyamaza. Nikasema moyoni, leo amepata usingizi. Nikafurahi, Thorunn. Nikapunguza mwendo nisimwamshe.

Ng'ambo nilipofungua mlango alikuwa na mashavu mekundu, kama msichana aliyetoka kuteleza kwenye barafu. Nikamwambia, "Amka, mama, tumefika, na hukulowa."

Fundi aliingia chini ya gari na taa. Bomba la moshi lina tundu, pale pale nyuma, la siku nyingi. Miaka yote moshi ulikuwa ukitokea juu, kwenye kifuniko, na sisi hatujui; daktari anasema ndio ulioyapa mashavu wekundu ule. Baba naye hakujua. Aliogopa maji tu.

Waliwasha moto makaburini siku mbili kuilainisha ardhi iliyoganda, ndipo jembe likapenya.

Mkono uliofunga ni wangu. Niandikie.

Kakako,
Ketill

Kisiwani, 20 Machi 1962

Mdogo wangu,

Hujambo? Magoti je?

Gazeti linafika, ukurasa wako haumo. Nimeuliza posta, wanasema hakuna kitu kutoka kwako. Wewe uliyemjibu hadi waziri, ukamjibu askofu mara tatu!

Vitambaa vyako nimevibandua. Kifuniko kiko wazi, theluji inaangukia pale alipolala, na siifuti.

Barafu imeanza kuwa nyeusi na kulegea. Posta ya mwisho naivusha mimi kesho, na barua hii imo. Baada ya hapo hakuna kinachopita, gari wala mashua, mpaka ziwa lifunguke. Nitasimama ng'ambo mpaka wamalize kuchambua mfuko wa kutoka mjini.

Nitukane, Thorunn. Andika hata mstari mmoja wa matusi. Gari liko kimya sana.

Kakako,
Ketill