Vishikwambi vya Kabatini

Maramba, Mkinga

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima hapo Pongwe, na goti limepunguza kukusumbua. Mama naye hajambo? Huku mvua imetukubali, mahindi yamesimama vizuri. Ila moyo wangu haujatulia hata kidogo.

Baba, vile vishikwambi tulivyogawiwa walimu bado viko kabatini kwa mwalimu mkuu, vimefunikwa kanga kama vyombo vya bibi harusi. Ni mimi tu ninayefundishia changu. Nimewabembeleza wenzangu hadi nimechoka. Ruthi anasema macho yake hayawezi. Wengine wananitania eti nimeolewa na mashine.

Mgumu kuliko wote ni mwalimu Zabron, mwanafunzi wako wa zamani. Alijaribu mara moja, akabonyeza pasipo, projekta ikatupa ukutani picha yake akiwa kifua wazi shambani. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo ameapa kwamba mwalimu hajifunzi mbele ya watoto. Nilipomsihi, akasema hayo ni maneno yako, ndivyo ulivyomlea. Nilikasirika, baba, nikakukasirikia na wewe. Walimu wote wanamfuata yeye.

Sasa nikwambie nililokuficha. Lile koo nililosema linakaushwa na vumbi la chaki, si vumbi. Hospitalini wamekuta uvimbe. Mwezi ujao nafanyiwa operesheni, na itaondoka na sauti yangu. Wanasema nitapona, lakini sitaongea tena. Naogopa mno, baba. Nalia hata darasani. Sauti iliyobaki naimalizia kurekodi masomo ya sayansi ya darasa la saba, maana hapa hakuna mwingine wa somo hilo. Zabron ndiye atakayeachiwa darasa. Asipokubali kukiwasha kishikwambi, watoto wangu wataingia kwenye mtihani mikono mitupu.

Njoo, nakuomba. Usije kuwahutubia. Simama mbele ya darasa langu, Zabron akiwepo, ushike kishikwambi mwenyewe, ukosee, watoto wakucheke, kisha uwaombe wakuelekeze. Akikuona wewe umechekwa na hujafa, naye ataweza.

Mpe mama salamu zangu, na hili la koo umwambie taratibu. Usinipigie simu, baba. Kila neno nitakalokujibu nitakuwa nimewanyima watoto.

Mungu akutunze.

Mwanao akupendaye,
Yudith