Mfupa wa Chini ya Kitanda

Kaloleni,
6 Machi 1983

Mjukuu wangu Okumu,

Pokea salamu zangu huko Turkana kwenye mashimo yenu ya kuchimbua mifupa. Unakula? Kifua kimeacha kukusumbua? Mimi nipo, magoti tu ndiyo yananitesa. Anayeniandikia ni Lenah wa jirani, na nimemwonya asipunguze neno.

Siku ulipotuachia ule mfupa uliogeuka jiwe, umeshikwa ndani ya bonge la udongo mweupe, ulitueleza ni wa ndege wa majini aliyekwisha kabla binadamu hajakuwapo: miguu ya korongo, mdomo wa bata. Ukasema wasomi wanagombana kama bata wa leo ni wa ukoo wake. Nikacheka, nikasema kumbe hata ndege wana kesi za ukoo. Ukausukuma chini ya kitanda changu, ukasema kazi yako yote iko hapo.

Ulipouagiza ukakosekana, ulimwandikia baba yako mdogo Walter, naye akasoma mbele ya watu: kwamba mkeo Adhiambo ameuuza kwa watalii, arudi kwao mpaka aseme ukweli. Mimba ya miezi minane, Okumu. Nilimsindikiza stesheni nikimbebea kikapu, sikufungua mdomo.

Mtoto alizaliwa Jumanne, msichana. Huko kwao wakampa jina langu. Aliishi siku mbili.

Sasa sikia. Chini ya kitanda hicho ndiko ninakoweka magunia ya odowa, lile jiwe laini ninalowauzia wenye mimba watafune. Macho yangu unayajua. Nililipasua bonge lako kwa nyundo, nikalipanga gengeni pamoja na mengine. Nabwire, mmoja wa wateja wangu wenye mimba, alirudi kunitukana, eti limemvunja jino. Kaloleni nzima imemtafuna ndege wako.

Kabla sijamsindikiza, Adhiambo aliona kipande chenye mfupa kwenye beseni langu. Akakifunika kwa leso, akaniambia, "Dani, nyamaza. Mimi atanisamehe. Wewe hatakusamehe."

Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikanyamaza.

Unamtambua ndege kwa kipande cha mguu, na mke wa miaka minne hukumjua. Nimekulea kwa mikono hii, kwa hiyo nitakwambia: mimi na wewe ndio tuliomzika yule mtoto. Kaka zake Adhiambo nimewapelekea habari yote. Usije kwangu. Nenda kwao, ukae uani hata wakikumwagia maji machafu. Utanikuta nimeketi hapo tayari.

Walter anakusalimu, Lenah pia. Adhiambo hajatuma salamu.

Nyanya yako anayekupenda,
Dani Apondi