Chatu Wako Amegoma Kula

Mpendwa Guku, babu yangu,

Milembe hajala tangu tukuzike. Ndivyo nilivyotaka kukuandikia wiki iliyopita, nikashindwa. Uliniachia chatu wako kwa maneno mawili tu, "Mlinde, ng'wanawane," ukiniita mwanao, kisha ukageukia ukutani.

Mjomba alituhamishia huku Geita, mimi na Milembe. Sanduku lake likawekwa nyuma ya nyumba, karibu na karasha, mashine ya Mjomba ya kusagia mawe ya dhahabu. Nilimpa kuku, akageuza kichwa. Nikampa sungura, wakakaa pamoja kutwa nzima kama ndugu. Wafanyakazi wa Mjomba walicheka: "Huyo chatu wa mjini sasa, mpe chipsi mayai!"

Mjomba hakucheka. Alimtazama mwanawe Shija, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, akasema, "Nyoka mwenye njaa hakai na mtoto wangu. Asipokula mpaka Jumapili, namkata."

Niliogopa atakufa. Niliogopa pia kwamba kabla hajafa atatoka.

Nikakimbilia vitabu, unanijua. Kimoja kilisema nyoka hana masikio ya nje. Husikia mtikisiko wa ardhi kwa mwili wake. Hapo nikakumbuka nyumbani kwako Kolandoto. Ukishamwekea Milembe kuku, ulipita uani ukisema, "Wekeni michi chini." Mama aliacha kutwanga, na sisi tuliacha kuruka kamba. Nilidhani ni heshima tu, kama mtu anavyovua kofia.

Niliweka kiganja ardhini kando ya sanduku. Udongo ulikuwa unatetemeka.

"Mjomba, zima karasha siku tatu tu."

"Nizime mashine kwa ajili ya nyoka? Unaumwa wewe?"

Mke wake, Mama Shija, ndiye aliyeniokoa. "Mpeleke kwenye kile kibanda changu cha kulindia mpunga, huko karasha haisikiki," aliniambia jikoni. "Ila mimi simshiki."

Sanduku na chatu kwa pamoja vilishinda baiskeli. Ilibidi nimtoe, nimtie kwenye gunia, nipeleke sanduku, kisha nirudi kumchukua. Guku, sikuwahi kukuambia: ulipocheza ngoma naye shingoni na watu wakipiga makofi, mimi nilikuwa natazama miguu yako. Sikuwahi kumgusa. Ulidhani ukimya wangu ni ujasiri.

Siku ile nilimgusa. Alikuwa mzito na wa baridi, akanizunguka mkono hadi begani, akabana. Nilijikojolea kidogo. Nashukuru hakuna aliyeona.

Jumamosi mchana, siku ya tatu kibandani, nilimwekea tetea mweusi. Nikakaa, sikuthubutu hata kufukuza nzi. Alimrukia ghafla mno, nikapiga kelele, kisha nikajiziba mdomo kwa kanga. Niliangalia mpaka miguu ya kuku ikaisha. Nililia, na sijui kama ilikuwa furaha.

Mjomba amekubali abaki kule, mradi nimlishe mimi mwenyewe. Kwa hiyo nitalifungua sanduku lile tena na tena, labda hadi niwe mtu mzima, na nikiwaza hivyo vidole vyangu vinakuwa baridi.

Kila ulipotaka kulifungua, ulisimama kwanza, ukafumba macho, ukashusha pumzi. Siku zote nilidhani unasali. Guku, kumbe na wewe ulikuwa unamwogopa?

Kama ndivyo, nitaweza.

Pumzika.

Mjukuu wako