Posho ya Mtoto au Siku za Baba

Griff,

Ukitoka bafuni, Tamsin bado amelala. Maziwa yake yako kwenye friji, yapashe kwenye bakuli la maji ya moto. Nepi ziko juu ya mashine ya kufulia.

Mwezi mzima umenihubiria kwamba posho ya mtoto mchanga inalipa kuliko likizo ya uzazi ya serikali, na kwa mtoto mmoja hatupewi zote mbili. Nikakuamini! Leo nawapigia simu, kumbe likizo ndiyo yenye pesa, na ina siku za baba. Nakuuliza, unanijibu huku unatafuna tosti: "Nikikaa na nepi, wakata manyoya ya kondoo wenzangu watanicheka mpaka Krismasi."

Yaani ulijua. Griff, ulijua!

Nimeomba likizo, pamoja na siku zako za baba. Naenda kwa mama, ~~nitarudi kesho~~ nitarudi jioni.

Nimempigia bosi wako Clem, nikamwambia kwamba leo huendi kwenye kondoo. Nimewasikia wenzako wakicheka kweli. Clem hakucheka. Kasema, "Mwambie akae. Mimi nilirudi nyumbani baada ya miezi ya kondoo, nikamkuta mwanangu anatembea. Aliponiona, akanikimbia."

Mama Tamsin