Anaingia Bila Hodi Kuangalia Pipa Lake

Mpendwa Mama Persida, naomba msaada, na tafadhali usiiweke barua hii chini ya rundo, maana siku hizi nikisikia ufunguo ukizunguka mlangoni moyo unanipasuka, hata ninapouzungusha mwenyewe.

Nina mtoto mmoja, Dunja, ndiyo kwanza ameanza shule, nimeachana na baba yake, na tangu majani yaanze kudondoka tumepanga ghorofa ya pili hapa mjini Niš kwa mama mmoja anayeitwa Shangazi Rosanda (majina yote nimebadilisha, ni kabichi tu sijaibadilisha, utaona). Huyu mama sina ubaya naye, nilizunguka mji mzima na kila mwenye nyumba akiona mwanamke na mtoto bila mume anasema pameshachukuliwa, yeye peke yake alisema, "Ingia mwanangu, mtoto atapata baridi hapo kwenye ngazi." Yeye amehamia kwa binti yake, jengo la jirani, na alikuwa na ombi moja tu, kwamba pipa lake la kabichi ya kuchachushwa kwenye maji ya chumvi libaki kwenye roshani yangu, kwa sababu roshani ya binti yake inapigwa jua na kabichi ingeoza, nami nikasema sawa, Mama Persida, nani hapa kwetu atamkatalia mtu kabichi yake ya msimu wa baridi? Mkataba hatukuandika, tulikunywa kahawa tu.

Sasa wewe unajua pipa linavyotaka kudekezwa likianza kuchacha, maji ya chumvi yachotwe chini yarudishwe juu, povu litolewe, jiwe la kukandamizia lisafishwe, kwa hiyo akawa anakuja, tena kwa ufunguo wake. Mwanzoni alikuja nikiwa kazini, narudi nakuta roshani imepigwa deki, nikasema haya. Kisha akaanza kuja nikiwepo, natoka kuoga na taulo tu namkuta koridoni na ndoo, "Usinijali mwanangu, mimi nina kabichi tu!" Kisha kabichi ikahamia chumbani, nguo zangu za ndani nakuta zimekunjwa upya kwenye droo, dirisha nililoliacha wazi limefungwa, eti upepo utampooza mtoto shingo, na siku moja supu yangu imeongezwa chumvi, jikoni kwangu, kwenye sufuria yangu! Nikainywa hivyo hivyo. Alishaniambia nichukue vichwa vya kabichi nipendavyo, nami nilichukua, nikaviringisha nyama na mchele kwenye majani yake, nikapika sarma, Dunja alikula mpaka akasinzia mezani, sasa mtu uliyekula kabichi yake utamwambiaje asiingie?

Hayo yote ningeyavumilia, wallahi ningeyavumilia, kinachonifanya nikuandikie ni cha Alhamisi. Nimerudi na Dunja, nafungua mlango, nasikia harufu ya kahawa, na mezani kwangu amekaa Zvonko. Zvonko ndiye baba wa Dunja. Mahakama iliamua amwone mtoto Jumamosi tu, ofisini kwa watu wa ustawi wa jamii, wao wenyewe wakiwepo, na haikuamua hivyo kwa kubahatisha, kule tulikokuwa tunakaa alivunja milango miwili kwa bega mimi na mtoto tukiwa ndani. Hapa nilipohamia hakupajua. Kumbe sokoni alimsikia Shangazi Rosanda akiwasimulia watu habari za Dunja, akambebea mifuko, akajitambulisha kuwa ndiye baba, akaonyesha mdoli aliomnunulia mtoto, na yule mama, machozi yakimlengalenga, akampandisha ngazi na kumfungulia mlango wangu.

Nikamuuliza, "Shangazi, umemwingiza nani humu?"

"Nimeingiza mgeni nyumbani kwangu, kwani kuna ubaya gani? Hata kahawa nimekuja nayo mwenyewe. Mtoto anahitaji baba, mwanangu. Tena mtu mwenyewe mpole! Jiwe la pipa lilinishinda, yeye kaliinua kama mkate."

Zvonko akasimama, akavaa koti lake taratibu, akafunga vifungo kimoja kimoja, akaniambia kwa upole kabisa, "Pazuri hapa. Sasa napajua." Akaondoka.

Tangu hapo naweka kiti nyuma ya mlango. Juzi Shangazi Rosanda alikuja na ndoo zake, akakisukuma kile kiti mpaka kikaanguka, akanuna, "Unanifungia mimi nje ya nyumba yangu? Sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu ni wiki ijayo, wageni nitawapa nini, mkate mtupu?" Nikamwambia nataka kubadilisha kitasa, akanijibu kwamba mpangaji anayebadilisha kitasa ahame na kitasa chake. Jirani naye ananiambia nisiwe na makuu, mama wa watu anafuata kabichi yake. Na Dunja akisikia ufunguo anaacha alichoshika, anauliza, "Mama, huyo ni shangazi au baba?"

Mama Persida, ana haki ya kuingia namna hii? Nibadilishe kitasa kwa siri? Nihame kwenye theluji hii, na niende wapi? Au ni kweli mimi ndiye mkorofi?

Ni mimi, mwenye kiti nyuma ya mlango.

*

Mama Persida anajibu:

Pole, mwanangu. Pole hiyo inatoka moyoni, ishike vizuri, kwa sababu sasa nakugombeza.

Haki ya kuingia namna hiyo hana. Bomba likipasuka na maji yakaanza kumdondokea jirani, aingie, hata mlango auvunje. Kwa mengine yote, awe anakagua, anatengeneza au anaonyesha nyumba kwa mnunuzi, anakuambia mapema, mnakubaliana saa, anagonga, na wewe unafungua. Nyumba ni yake, sawa, lakini anayelala humo ni wewe, na sheria inamlinda anayelala humo. Kabichi kuchacha si bomba kupasuka.

Na wewe! Ulikubali pipa, nani alikuambia umekubali na ndoo, droo, supu na wageni? Eti umekula kabichi yake. Kwani hulipi kodi? Kabichi ni ukarimu, unasema asante, unarudisha bakuli likiwa na kitu ndani, basi. Na huyo jirani yako mwambie akampe Rosanda ufunguo wa kwake, tuone nani mwenye makuu.

Sasa sikiliza. Leo hii, ukishamaliza kusoma, vaa koti uende polisi na kwa wale wa ustawi wa jamii, uwaambie Zvonko amekiuka uamuzi wa mahakama, aliingia kwako, alisema nini na nani alimsikia. Wakikuambia hajafanya kitu bado, usiondoke. Kaa kwenye benchi lao mpaka waandike na wakupe nakala. Ukitoka hapo pitia kwa fundi wa kufuli, abadilishe kile kiini cha kitasa, pale ufunguo unapoingia, ni kazi ndogo. Cha zamani kifunge kwenye soksi ukiweke, siku ukihama utakirudisha mahali pake, na hakuna atakayesema umeharibu mali ya mtu. Akikutishia kukutoa, ajue mpangaji hatupwi nje kama takataka. Manispaa kuna msaada wa sheria wa bure, nenda na ile nakala.

Ila kwa siri hapana, mwanangu. Ukibadilisha, mwendee Rosanda siku hiyo hiyo, umwambie usoni. Na hapa nina swali: huyu mama umewahi kumwambia habari za ile milango miwili? Barua yako haisemi, nami nadhani hukumwambia. Uliona aibu, ukaogopa atasema umekuja na balaa lako, ukanyamaza. Kwa hiyo sokoni alimwona mwanaume mpole na mdoli mkononi, basi. Simtetei mtu, alikosa, tena sana! Lakini kaa naye, mtilie kahawa, mwambie kwamba bega lililoinua jiwe la pipa lake ndilo lililovunja milango yako mtoto akiwa ndani. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze. Halafu nyamaza umwache alie, au akasirike, vyovyote.

Pipa litoke. Ana haki na kabichi yake, tena karibu na sikukuu. Chota maji yote kwenye ndoo safi, na ole wako uyamwage, hapo hata mimi sitakutetea! Vichwa viweke kwenye beseni, waite vijana wa jengo walishushe pipa tupu mpaka stoo ya chini, majengo yetu yote yanayo, kule kuna baridi ya kutosha na ufunguo wa stoo Rosanda lazima anao. Rudisheni kila kitu ndani ya pipa, na jiwe juu. Kisha andikeni mkataba, ukurasa mmoja unatosha, na ndani yake mwandike kwamba haingii mtu bila wewe kukubali. Akikataa kabisa, anza kutafuta pengine polepole, ukiwa ndani, nyuma ya kitasa kipya.

Sasa nimalizie na lile lililoninyima raha. Umeniandikia kabichi, droo, dirisha, supu, na chini kabisa, kama kitu ulichokisahau, mstari mmoja wa Dunja. Mtoto wa darasa la kwanza anasikia ufunguo na anajiuliza anayeingia ni nani. Unaniuliza kama wewe ni mkorofi. Ungekuwa mkorofi mapema, mwanangu, huyu mtoto asingelijua swali hilo.

Fundi akimaliza, mpe Dunja ufunguo wa pili. Mtoe nje kwenye ngazi, ufunge mlango, umwache afungue mwenyewe, hata akihangaika. Akiingia mwambie kwamba funguo za mlango huu ziko mbili, wa kwake na wa mama, na mwingine yeyote, awe shangazi, awe baba, atapiga hodi kwanza asubiri hapo nje. Akitaka kufungua na kufunga tena, mwache, arudie mpaka achoke.