Miiba Chini ya Spika

Odense, 9 Novemba

Mwanangu Ragnhild,

Mimi mzima, mvua tu ndiyo haikatiki. Fleti mpya nimeizoea. Spika zangu ndefu nilizisimamisha juu ya miiba yake ya chuma, ile miguu yenye ncha kali, kama kule kwetu kwenye sakafu ya saruji. Lakini huku sakafu ni mbao juu ya maboriti, ikavuma yote. Jirani wa chini, Gudrun, akapanda: "Mzee, vikombe vyangu vinacheza ngoma kabatini!"

Nikafungua miiba, nikaweka miguu ya mpira. Mbao zikatulia, ila sauti za fidla kwenye muziki nazo zikapotea. Nikailaumu mipira, nikaongeza sauti.

Gudrun akarudi, akaingia mwenyewe, akapunguza sauti kidogo. "Hapo je, Aksel?"

"Si umezima?"

Akanishika mkono, akapaza sauti sikioni mwangu. "Muziki unapiga, ndugu yangu. Na mlango nimeugonga robo saa nzima."

Daktari naye amesema hivyo hivyo: masikio yanakwisha. Usinipigie simu tena, mwanangu. Zile "ndiyo, ndiyo" zangu za mwaka huu nilikuwa nabahatisha tu. Kama uliniambia jambo kubwa, niandikie upya.

Baba yako anayekupenda,
Aksel