Sanduku la Mama Sista

Jumatano, 1 Oktoba

Kengele. Maji baridi. Groto. Uji. Oktoba ni mwezi wa rozari, kwa hiyo shule nzima inasimama asubuhi pale groto mbele ya sanamu ya Bikira Maria ikitetemeka ndani ya sweta. Leo nimeongoza mimi. Kila siku ni mimi. Ndiyo kazi ya mwenyekiti wa Chama cha Miito.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Kampala bweni zima linakiogopa. Basi niseme wazi. Mungu hajaniita niwe sista. Niliingia chama hiki kidato cha kwanza kwa sababu ya geti. Hapa ukishaingia muhula, umeingia. Wanaotoka ni gari la kuni, padre, na Chama cha Miito, ambacho Jumamosi moja moja hupandishwa basi la shule kwenda kutembelea nyumba ya masista upande wa Bugolobi. Nilitaka kuona barabara. Watu wakikaanga chapati na mayai, nguo zimeanikwa kwenye maghorofa, watoto wakigombana. Wenzangu waliacha mmoja mmoja. Mimi nikabaki dirishani, na wa mwisho kubaki ndiye akafanywa mwenyekiti.

Mtihani wa taifa uko mlangoni. Fizikia naiweza. Hesabu naiweza. Nataka kidato cha tano cha sayansi, halafu uhandisi pale Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kutoka darasani kwetu tunasikia wanafunzi wa chuo wakipiga kelele kwenye mechi zao. Ni karibu hivyo.

Jumapili, 5 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nimekasirika.

Ilikuwa Misa ya watahiniwa. Kila mwaka ni vile vile: tunapeleka kalamu, rula na mikebe ya jometri altareni, padre anavinyunyizia maji ya baraka, wazazi wanapiga vigelegele. Mama alikuja kutoka Katwe na wanawake wa jumuiya yao, Wakenya watupu, wote na kitenge cha sare. Alikuwa amefunga kibanda chake cha chakula siku nzima. Mama hafungi kibanda hata akiwa na malaria.

Baada ya baraka, Sista Pelajia, mwalimu mkuu wetu, akashika maikrofoni. Akasema mwaka huu Mungu ameitazama shule. Akasema Nafula akimaliza mtihani anaingia nyumba ya malezi kuanza safari ya usista. Akasema nisimame.

Nikasimama. Nani angebaki ameketi?

Mwezi uliopita aliniuliza kama niko tayari kwa hatua inayofuata. Nikajibu ndiyo, Sista. Nilidhani hatua inayofuata ni mtihani.

Vigelegele. Mama Akinyi, kiongozi wa jumuiya, akaanza kucheza katikati ya kanisa. Mama yangu alilia akajifuta na mtandio wa mwenzake. Alinishika uso nje ya kanisa akasema, "Mwanangu, umenitoa aibu." Yeye alinizaa bila mume. Alivuka mpaka wa Malaba na mimi mgongoni, na hawa hawa wanawake walikuwa wakimpa kiti cha nyuma kwenye mikutano. Leo wamemwita Mama Sista, wote, mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kumwona amesimama wima vile.

Nilibaki na kalamu zangu zimelowa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nilitaka kumwambia Sista Pelajia baada ya rozari. Alinitabasamia. Sikumwambia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru, siku ya wazazi kutembelea. Mama amekuja na pikapu ya fundi jirani yake. Nyuma ya pikapu, sanduku la bati.

Katwe wanatengeneza kila kitu cha chuma: majiko, mageti, mashine za kusagia, mashine za bisi. Nimekulia katikati ya cheche. Hilo sanduku ni zuri, siwezi kusema uongo. Pembe zimekunjwa sawasawa, bawaba hazilii, rangi ya samawati. Na juu ya kifuniko, kwa herufi nyeupe kubwa: SR. NAFULA.

Jumuiya imechanga. Rangi alichagua Mama Akinyi. Mama aliniangalia usoni akisubiri nifurahi, nikafurahi. Mashavu yaliniuma kwa kufurahi.

Sasa liko kando ya kitanda changu. Halisogei, limejaa tu hapo. Kila nikishuka kitandani napiga ugoko kwenye jina langu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mtihani umeanza. Jiografia ilikuwa ya kawaida.

Kituko ni asubuhi kabla ya kuingia ukumbini. Nakato anayelala kitanda cha juu yangu alinijia na kalamu mkononi. Huongea nami Kiswahili ili afanye mazoezi.

"Wewe Sista, gusa hii karamu yangu. Mimi nilisoma kila kitu lakini kichwa imekataa."

Nikamwambia kalamu imeshabarikiwa na padre. Akasema padre alibariki zote pamoja kwa haraka, ya kwake haikupata maji. Nikaigusa ili aondoke. Kosa kubwa. Nyuma yake ukawa mstari. Nimegusa kalamu, kalkuleta, soksi ya mtu. Msimamizi alidhani ninagawa majibu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hesabu. Nimeimaliza na muda umebaki. Niliangalia dari kwa raha. Kwa muda ule sikuwa mtu wa mtu.

Nikatoka nje. "Sista, asante, umetuombea." Sikuwa nimeomba chochote. Nilikuwa nimekokotoa.

Jumapili, 19 Oktoba

Tangu ile Misa, Sista Pelajia ananiletea yai la kuchemsha kila asubuhi. Analiweka kando ya uji wangu bila neno. Wengine wanakula uji mtupu. Amezeeka, magoti yanamsumbua, na bado anashuka ngazi za bwalo na yai ndani ya leso.

Laiti angekuwa mkali. Ni kazi ngumu kumkasirikia mtu wa namna hii. Nimejaribu, na yai nimelila.

Jumatano, 22 Oktoba

Fizikia ya vitendo. Saketi. Nyaya, betri, balbu, ammita. Wenzangu walikuwa wanatetemeka, mimi mikono ilitulia. Waya mmoja ulikuwa umekatika ndani ya plastiki, nikaujua kwa kuukunja. Nikaomba mwingine, nikaendelea.

Mwalimu Okello wa fizikia alikuwa akikusanya vifaa baadaye. Akaniambia, "Bana, na wewe unaenda kushona vitambaa vya altare?" Kisha akaomba radhi, akasema hakumaanisha ubaya, yeye mwenyewe ana dada mtawa. Nikamjibu ndiyo, Mwalimu.

Mdomo wangu unajua neno moja tu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Hakuna mtihani mwisho wa juma. Safari ya Chama cha Miito. Chama ni mimi peke yangu sasa, nimekaa kwenye basi zima, mimi na dereva tu.

Sikutazama barabara.

Kule Bugolobi, Sista mlezi wa nyumba ya malezi alinipeleka juu. Akafungua mlango. Akasema, "Kitanda chako hiki." Kimeshatandikwa. Shuka nyeupe, mto, karatasi yenye jina langu imebandikwa ukutani. Chini ya dirisha wameacha nafasi ya sanduku. Wamepima, kwa sababu Mama amewatumia vipimo.

Dirisha lina nondo. Madirisha yote ya Kampala yana nondo, najua, hata ya kwetu. Lakini nilizishika. Zimechomelewa vibaya, zina matone ya chuma kila kiungo, fundi alikuwa na haraka. Nikaona nitaamka hapa miaka yote nikitazama kazi mbaya ya mtu na sitaruhusiwa kuitengeneza.

Nikaomba maji. Sista mlezi aliniletea akanishika bega, akasema hata yeye alilia siku ya kwanza. Watu wema wamenizunguka pande zote. Hakuna hata pa kupitia.

Jumapili, 26 Oktoba

Nisipomwambia Sista Pelajia sasa nitavaa gauni la kijivu la masista kwa sababu ya aibu tu. Watu wameolewa hivyo hivyo.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemwambia.

Baada ya rozari, kwenye ile njia ya kwenda bwaloni. Nilianza kwa Kiingereza, kikanikimbia, nikamaliza kwa Kiswahili. Nilisema sina wito. Nilisema nilipenda basi.

Sista Pelajia alisimama akishikilia ukuta. Hakunikemea. Akauliza, "Muda wote huo?" Nikasema muda wote huo. Akasema, "Nilikuwa nakuombea kwa jina." Akatembea kidogo, akarudi.

"Mama yako utamwambia mwenyewe. Hilo sitakubebea."

Yai lilikuwa bado kwenye leso. Aliondoka nalo.

Jumanne, 28 Oktoba

Uji mtupu. Ninastahili. Kemia pia ilikuwa mbaya, nimechanganya chumvi mbili.

Nakato ameshasikia. Shule hii haina siri. Hakukasirika, ila ana wasiwasi. Anataka kujua kama kalamu nilizogusa bado ni nzuri. Nimemwambia kalamu ni kalamu. Amekwenda kutafuta padre.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimejifunza maneno ya kumwambia Mama. Kila nikiyasema moyoni, yanaanzia pale kwenye "umenitoa aibu" na kuishia hapo hapo. Sili vizuri.

Ijumaa, 31 Oktoba

Karatasi ya mwisho ilikuwa Kiswahili. Insha. Wenzangu walitoka wakiimba, wakirushiana maji, wakisainiana mashati. Sista Pelajia alisimama kwenye veranda kutuaga. Nilipopita alinipa mkono kama anavyowapa wote. Nilitaka aushike zaidi kidogo. Hakuushika.

Jumamosi, 1 Novemba

Nyumbani Katwe. Watakatifu Wote.

Pikapu ilikuja kunichukua. Mpango wao: majuma mawili nyumbani, kisha nyumba ya malezi. Mama alisimamia upakiaji wa sanduku kana kwamba ndani mna mayai.

Nilingoja tufike. Nilingoja ashushe mfuko. Nilingoja afunge aproni. Alipoanza kukata kabichi ya wateja wa mchana nikaona nikingoja zaidi nitangoja mpaka niweke nadhiri. Nikasema sina wito, nataka kusomea uhandisi. Mafundi nje walikuwa wanagonga mabati na ikabidi nirudie kwa sauti.

Kisu kilisimama.

"Sista Pelajia anajua?"

Nikasema anajua, tangu Jumatatu.

"Ulimwambia yeye kwanza."

Akamaliza kabichi, akakata nyembamba kuliko kawaida. Nilidhani atalia kwa sababu ya wanawake wa jumuiya. Kumbe kilichomchoma ni hicho, kwamba aliambiwa wa pili. Sikuwa nimejiandaa kwa hicho.

Jumatatu, 3 Novemba

Mama haongei nami. Ananipakulia posho, yaani ugali, na maharagwe, anaweka nyama kubwa kwenye sahani yangu, anageuka. Mama Akinyi amepita kuuliza nitaripoti lini. Mama alisema bado. Nilikuwa nyuma ya pazia nikiosha sufuria. Hakunitazama.

Nimekuwa huru na bado nimefungwa. Chumba kimoja, watu wawili.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua kubwa. Mtaro umefurika na maji yameingia ndani kama kila mwaka. Tulipandisha kila kitu juu ya matofali. Mama akatoa nguo zangu zote kutoka kwenye sanduku, akazitupa kitandani, akamimina unga ndani. Unga wa posho, mpaka juu.

"Sanduku halikai bure," akasema. Maneno ya kwanza tangu Jumamosi.

SR. NAFULA amejaa unga. Nilicheka peke yangu chooni, halafu nikalia.

Ijumaa, 7 Novemba

Maji yamepungua. Matope kila mahali. Nimesugua sakafu, nimechemsha maharagwe, nimetengeneza swichi ya taa iliyokuwa inawaka ikijisikia. Mama aliibonyeza. Akaibonyeza tena. Akaendelea na kazi.

Mteja mmoja, mchomeleaji wa mageti, aliuliza Sista wetu anaondoka lini. Mama akamjibu kwamba Sista wake anataka kusomea mashine, na yeye ale, chai inapoa. Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo. Nilibaki na kikombe mkononi, sikujua nikiweke wapi.

Jumapili, 9 Novemba

Tumetoka Misa. Mama alikaa benchi la mbele, mahali pake papya, na wanawake wakasogea kumpisha. Amewaambia wiki hii, nyumba kwa nyumba, bila kunichukua. Sijui alisemaje. Mama Akinyi alinisalimia kwa baridi, lakini alinisalimia.

Mchana nilipotoka kisimani nilikuta unga umerudi kwenye pipa lake. Sanduku limefutwa, limewekwa chini ya kitanda changu. Ndani vitabu vyangu vya fizikia, vimepangwa kwa ukubwa, si kwa masomo, kwa sababu Mama hapangi kwa masomo. Juu ya kifuniko zile herufi mbili za mwanzo na nukta yake zimepakwa rangi nyeusi. Ni rangi ya geti ya jirani, haifanani na samawati, na brashi imekwenda upande. Si mkono wa fundi. Mama alikuwa na weusi chini ya kucha wakati anapepeta mchele.

Nilikaa karibu naye nikachagua mawe.

Jioni Mama Akinyi alipita barabarani akaita, "Mama Sista, kitunguu kipo?" Kwa mazoea tu. Niliinua kichwa. Mama hakumsahihisha.

"Kipo," akaitika, akanipa ungo niushike, akaenda kumpa.